Naam ya Jirani

"Nimekuja na jibu lako," Shemeji alisema, simu ameinyanyua juu kama refa mwenye kadi nyekundu.

Wewe msomaji umekula, umelala, umegombana na watu wako na mmepatana tangu tulipowaacha hawa wawili mlangoni. Msumari hakupata nafasi hiyo. Yeye bado amesimama pale pale, mkono kwenye kitasa, kandambili mguu mmoja, akimtazama mtu ambaye hakutaka kabisa kumwona mchana ule.

"Jibu gani?" akauliza, ingawa alijua.

"Jibu la naam. Tuingie ndani, au nimwage mchele hapa hapa na kuku wote wa jirani wanatazama?"

Dirisha la nyumba ya pili lilifungwa taratibu. Lingine halikuona haja ya kujificha, likabaki wazi.

"Ingia," Msumari akasema.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Zamani kidogo kulikuwa na kampuni ya kupeleka mitungi ya gesi majumbani kwa maagizo ya simu. Kampuni ilikufa kama zinavyokufa nyingi za aina yake, hotuba nyingi na gesi kidogo. Wafanyakazi wake hawakufa. Walitawanyika katika kila ofisi ya mambo ya kompyuta mjini, wakafungua kikundi kwenye simu wakakiita Mitungi, na tangu siku hiyo hakuna fundi wa programu anayepata kazi ya maana bila Mitungi kumjadili.

Lakini kumjadili kwenyewe si kwa maneno mengi. Bosi akitaka kumwajiri mtu, anaandika jina lake kikundini na alama ya kuuliza. Waliofanya naye kazi wanajibu neno moja tu, naam. Hapana haiandikwi, ni kukosa adabu. Asiyetaka kusema naam ananyamaza, na ukimya wake unasikika mji mzima. Naam nzito kuliko zote ni ya jirani, yaani yule mliyekaa naye dawati moja. Jirani akinyamaza, hata wengine waandike naam mpaka vidole viote sugu, kazi umeikosa.

Wiki iliyopita Dada Mkubwa, bosi wa kampuni inayotengeneza mfumo wa hospitali, aliandika: Shemeji? Naam zikamiminika. Jirani wa Shemeji akanyamaza. Jirani huyo alikuwa Msumari.

Leo asubuhi Dada Mkubwa huyo huyo ameandika: Msumari? Anatafuta mkuu wa mafundi wake. Na jirani wa Msumari, kama umeshapiga hesabu, ndiye huyu anayevua viatu mlangoni.

"Nani huyo?" sauti ilitoka nyuma ya cherehani.

"Ni mimi, mama!"

"Mkwe wangu!"

Mama yake Msumari aliacha gauni la mteja na sindano ndani yake, akaja mbio kumpokea. Shemeji hakuwa mkwe wa mtu, wala hakuwa shemeji wa mtu. Jina alilipata wiki ya kwanza kazini, alipoanza kumwita kila mtu shemeji, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mwekezaji aliyekuja kukagua hasara yake. Mama aliamua kulichukua jina lile kama ahadi. Kila Shemeji alipokuja, alimtazama binti yake kwa jicho la kusema, unangoja nini?

"Umekonda," mama alimwambia Shemeji, ambaye shati lilikuwa linamlilia tumboni. "Kaa. Nakuletea chai."

Mama alipokwenda jikoni, Shemeji aliacha kucheka.

"Msumari, nilikukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Watu wote wameandika naam. Mpaka yule mhasibu niliyemmwagia kahawa kwenye kompyuta, ameandika naam. Wewe ndiye jirani yangu, tumegawana chaja, tumegawana mafua, unaninyamazia!"

"Ulikuwa mfumo wa dozi za watoto, Shemeji. Wa watoto!"

"Na mimi siwapendi watoto?"

"Unawapenda. Ndiyo maana naogopa. Nani alituma mitungi arobaini makaburini?"

"Anwani ilikuwa sahihi. Waliokuwepo ndio hawakufungua."

"Nani alibadilisha majina, kila mteja akaitwa Jaribio Jaribio? Wazee wazima wanapigiwa simu, 'Habari yako, Bwana Jaribio'?"

"Wengine walilipenda."

Msumari alitaka kukasirika, midomo ikamsaliti, akacheka. Hilo ndilo tatizo la Shemeji. Ungeweza kumwandikia mashtaka kurasa mbili, na ukifika ya tatu umesahau ulikuwa unashtaki nini.

Yeye Msumari alikuwa wa namna nyingine. Jina alipewa kwa sababu hakuwahi kuruhusu kitu kiende kwa wateja kabla hajakijaribu pembeni, na ukimpigia kelele atoke njiani, anazama zaidi. Mafundi wenzake walimheshimu. Kumkaribisha kwenye sherehe zao ni jambo jingine.

"Sawa," Shemeji alisema, akisogea kwenye ukingo wa kiti. "Na mimi nina maswali. Siku bomba lilipopasuka ofisini na maji yakafika magotini, nani alibeba mashine kichwani, moja moja, ngazi kwa ngazi?"

"Wewe."

"Na jirani yangu alikuwa wapi?"

"Harusini."

"Na simu?"

"Ilikuwa imezimwa."

"Imezimwa! Siku nzima ilikuwa imezimwa! Na ulipoulizwa na bosi, nani alisema ulikuwa umetuma maelekezo kwa njia ya simu?"

Msumari akainamia kandambili yake. Alikuwa amelikumbuka jambo hilo kila siku ya wiki ile, na lilikuwa halimpi usingizi mzuri.

"Fadhila za punda," Shemeji alisema, akaishia hapo kwa adabu, kwa kuwa mama alikuwa anaingia na sinia.

"Punda gani?" mama akauliza.

"Wa zamani, mama. Wa ofisini."

Mama alimimina chai, akaweka sukari ya mtu na nusu kwenye kikombe cha mkwewe wa ndoto, akarudi kwenye cherehani. Mashine haikuanza kulia. Alikuwa anasikiliza, na hakujisumbua kuficha.

Shemeji akaweka simu mezani. Kikundi kilikuwa wazi. Chini ya jina la Msumari na alama yake ya kuuliza hapakuwa na kitu. Watu wale wote aliowahi kuwaokoa na makosa yao, walikuwa wanamngoja jirani aanze.

"Hapa kidole changu," Shemeji alisema. "Nabonyeza naam sasa hivi, na wewe unampigia Dada Mkubwa kwa mdomo wako, unamwambia naam yako ilichelewa. Mtandao ulisumbua. Sema unachotaka. Naam kwa naam, wote tunakwenda kazini."

"Nipe nikupe."

"Mkono mtupu haulambwi, jirani."

Tuseme ukweli, Msumari alitamani. Tangu kampuni yake ya mwisho ifungwe alikuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani katika nyumba ya fundi cherehani haachwi akae bure. Mwanamke aliyewahi kusimamia mifumo ya benki alikuwa sasa anashona vifungo, na mama yake alikuwa anavirudisha. Ameomba kazi sehemu mbili nyingine. Kote walimsifu, wakampa maji ya kunywa, wakamuuliza, "Mitungi wanasemaje?" Kazi ya Dada Mkubwa ikimponyoka bila naam hata moja, ndiyo basi. Hakuna atakayemgusa tena.

"Nikuulize kitu," akasema. "Uko hospitali, una mfumo wenyewe mkononi, ule unaotumika na watu. Muuguzi anakuja na lalamiko. Unafanya nini kwanza?"

"Namsaidia."

"Kwanza, Shemeji."

Shemeji akafikiri. "Namsaidia haraka."

Msumari akafumba macho. Alipoyafumbua, Shemeji alikuwa anatazama sakafu, na ule uchangamfu wake wa kila siku ulikuwa umepungua.

"Siwezi," Msumari alisema. "Nisamehe. Mashine kichwani nakushukuru, uongo ulionisemea nakushukuru, na nikipata namna ya kulipa nitalipa. Lakini siwezi kulipa kwa watoto wa watu."

Shemeji alifungua mdomo kama mwenye jambo kubwa la kusema. Akaufunga. Akavaa viatu, akaondoka, na chai ameiacha nusu.

"Amekwenda?" mama alisema kutoka nyuma ya cherehani. "Umemfukuza! Binti, mtu ni watu. Mtakatifu wa peke yake anazikwa na nani?"

"Watoto nao ni watu, mama."

"Watoto gani? Wa kwako wako wapi?"

Msumari akabadilisha blauzi, akatafuta kandambili ya pili, akaona heri avae viatu kabisa. Kama kikundi hakitaki kusema, atakwenda kujisemea mwenyewe. Jambo hilo katika dunia ya Mitungi halifanywi, ni sawa na bibi harusi kwenda kujiposa. Alikwenda.

* * *

Ofisi ya Dada Mkubwa ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, ikitazamana na hospitali ng'ambo ya barabara. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa viti. Palikuwa na mito mikubwa ya kukalia iliyommeza mtu mpaka mabegani, bembea moja, na meza ya kuchezea mpira mdogo ambayo mafundi walianikia nyaya. Ukutani palipakwa maneno makubwa: SISI NI FAMILIA. Chini yake palikuwa na kamera.

Dada Mkubwa mwenyewe alikuwa mwembamba, sauti nene, miwani kichwani. Alimwona Msumari akiingia, hakushtuka.

"Umekuja kujiposa," akasema.

"Nimekuja kufanya kazi. Nipe kazi ngumu kuliko zote ulizonazo, unifungie humu mpaka jioni. Nikishindwa, nitarudi kwenye vifungo."

"Vifungo?"

"Ni habari ndefu."

Dada Mkubwa akacheka. Akamwonyesha mto mmoja. Msumari akazama, magoti yakawa usawa wa kidevu. Ni vigumu kudai heshima ukiwa umekaa hivyo, na nadhani ndiyo sababu ya kuinunua.

"Sikiliza, mdogo wangu," Dada Mkubwa alisema. "Mafundi wazuri nawapata popote. Ninachotafuta ni mtu ambaye mambo yakiharibika, wengine watakimbia kuja kumsaidia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi wa Mitungi tunajuana. Nimekuuliza wewe tangu asubuhi, na hakuna zimwi hata moja lililokujua."

"Kwa sababu ya Shemeji."

"Kwa sababu jirani yako ulimwacha peke yake. Mimi ningekuwa nazama, ungenitupia kamba, au ungeuliza kwanza kama nimefaulu mtihani wa kuogelea?"

Msumari alitafuta jibu la kukata. Lililokuja halikuwa la kukata, lilikuwa la kweli tu. "Ningekutupia kamba. Nisingekupa chombo ukiendeshe na abiria ndani."

Dada Mkubwa akateremsha miwani machoni, akamtazama upya.

Hapo simu zikalia, zote mbili kwa pamoja.

Shemeji: Naam.

Msumari aliisoma mara tatu. Hapakuwa na sharti. Palikuwa na neno lenyewe, na baada yake, kama kawaida yake asiyejua kuacha, picha ya ua.

Kisha mvua ikanyesha. Naam. Naam. Naam. Mhasibu wa kahawa, naam. Fundi wa mtandao aliyehamia nje ya nchi, naam. Mtu mmoja ambaye Msumari hakuwahi kufanya naye kazi, wala kumwona, naam na mikono miwili ya kupongeza. Wote walikuwa wanampenda sana tangu zamani, ila walikuwa wanasubiri mtu mwingine awe wa kwanza kulisema.

Machozi yalimlengalenga Msumari, akayazuia kwa hasira. Amemfukuza mtu na chai yake nusu, na mtu huyo amekwenda kusimama mahali fulani, akambeba tena.

"Karibu kwenye familia," Dada Mkubwa alisema, akanyoosha mkono.

Msumari akanyoosha wake, akang'ang'ana kutoka kwenye mto. Mikono ilikuwa karibu kugusana.

"Jambo dogo tu," Dada Mkubwa akaongeza. "Mfumo wa dozi utakuwa chini yako, na jirani wa kukaa naye nimeshakuchagulia. Njoo, usijifiche!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Shemeji akatoka na kikombe mkononi. Shingoni alikuwa na kitambulisho cha kampuni, kipya, picha yake ikicheka.

"Umemwajiri?" Msumari aliuliza. "Bila naam ya jirani?"

"Kwa majaribio. Ameanza leo asubuhi. Nilimwambia naam yako akaitafute mwenyewe wakati wa mapumziko ya chakula. Sasa, yeye amekusemea bila masharti, nimeona kwa macho yangu. Zamu yako. Sema kwa mdomo, mbele yake, tumalize. Naam?"

Shemeji hakumtazama. Alikuwa anakizungusha kikombe.

Ukimya haukuwezekana tena, maana ukimya ni wa kwenye simu. Ukiwa umbali wa hatua tatu na mtu aliyekubeba leo na jana, na pumzi yake unaisikia, utanyamaza vipi? Mafundi waliokuwa kwenye kompyuta zao waliacha kugonga vitufe. Hata aliyekuwa kwenye bembea alitia breki kwa kisigino.

Moyo wa Msumari ulikuwa unamwambia aseme tu, ni neno moja, halina hata kilo. Angeweza kumchunga. Angekuwa anapitia kila kitu anachokigusa. Watu wote wanafanya hivyo, mji mzima unaendeshwa hivyo, na bado taa zinawaka.

"Hapana," akasema.

Mtu fulani akaangusha kalamu. Tangu Mitungi ianzishwe, neno lile lilikuwa halijatamkwa na kiumbe, na sasa lilikuwa limetoka hadharani, tena usoni kwa mwenyewe.

"Unasemaje?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Nasema hapana. Ni rafiki yangu. Nikipatwa na msiba nataka yeye awe wa kwanza kufika, na atakuwa wa kwanza. Dozi za watoto asiziguse."

Shemeji akaweka kikombe chini. Sote tulitegemea alie, au atukane, au aondoke. Alijishusha kwenye ule mto polepole mpaka ukammeza, akafunika uso kwa viganja.

"Afadhali umesema," sauti ilitoka katikati ya vidole. "Kwa sababu kuna kitu nimeshakigusa."

"Kitu gani?"

"Ndicho nilichokuja kukwambia mchana. Mama akaleta chai, wewe ukaanza habari ya makaburi, nikaona aibu."

"Shemeji. Kitu gani?"

"Muuguzi wa wodi ya watoto alilalamika. Maandishi madogo, namba zimejaa vidoti, macho yanamuuma. Mtu mwema sana, ananiita shemeji. Nikamwambia, shemeji, ngoja nikusafishie. Nikakuza namba. Nikaondoa vile vidoti. Skrini sasa inapendeza."

"Vidoti gani?" Dada Mkubwa aliuliza.

Msumari alikuwa ameshaelewa.

"Nukta," akasema. "Ameondoa nukta za desimali. Mtoto wa kupewa mbili nukta tano, skrini inasema ishirini na tano."

"Nilipotoka kwako nikasimama dukani kununua maji, ndipo ikanijia akilini vidoti vile ni nini," Shemeji alisema. "Nikarudi mbio. Nimejaribu kuzirudisha, zimegoma."

Msumari hakuomba ruhusa. Alimwinua fundi mmoja kwenye kompyuta yake, akakaa, akafungua mfumo. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Kosa alilipata upesi, mstari mmoja, wa Shemeji mtupu, na pembeni ameuwekea maelezo kwamba ni kwa ajili ya shemeji wa wodini.

"Nimerudisha," akasema. "Lakini simu wanazosomea dozi kule wodini zimeshabeba ile mbovu. Hazitabadilika mpaka zizimwe na kuwashwa upya. Lazima tuwapigie wazizime sasa hivi."

"Hakuna atakayepiga simu," Dada Mkubwa alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni, amefunga mlango wa kioo nyuma yake. Sauti yake nene ilikuwa imeshuka.

"Zamu ya wauguzi inabadilika jioni. Simu zitazimwa zenyewe, zitawashwa zenyewe, na hakuna atakayejua. Nina watu ishirini humu ndani wanaokula kwa mkataba wa hospitali ile. Tunasubiri kimya, kama tulivyosubiri mengi. Ndiyo maana ya kuwa na watu wako, Msumari. Mnafichiana."

"Mpaka jioni? Na wenye dozi za alasiri?"

"Ukipiga, mkataba umekwenda. Wewe kazi huna, hapa wala popote. Na Mitungi wote watajua jirani yako umemchoma mara mbili kwa siku moja."

Alikuwa sahihi, neno kwa neno. Msumari alimgeukia Shemeji.

Shemeji alikuwa anapigana na mto. Akajitoa, akasimama, akachomoa simu yake mfukoni, akamwekea Msumari kiganjani. Namba ya wodi ilikuwa juu kabisa.

"Piga," akasema. "Mwambie ni mimi niliyefanya. Usinifiche, jirani. Usithubutu kunifichia."

Kisha akainama, akapita chini ya mkono wa Dada Mkubwa kama mtoto anayekwepa kibao, akausukuma mlango, na wakasikia miguu yake ikishuka ngazi mbili mbili.

Msumari akabonyeza, akaweka sauti kubwa ili chumba kizima kisikie. Simu iliita. Ikaita. Dada Mkubwa alipiga hatua moja mbele, akasimama, maana mafundi wake wote walikuwa wanamtazama.

Ikapokelewa.

"Shemeji!" sauti ya mwanamke, ya furaha. "Nilikuwa naomba Mungu upige nikushukuru! Namba zinaonekana vizuri sana, leo nasoma bila miwani!"

"Dada, si Shemeji, nisikilize, zima hiyo simu ya..."

"Nini? Hakuna mtandao huku, nasikia nusu nusu. Subiri kidogo, shemeji wangu, usikate. Kuna katoto hapa kameamka, nikape dawa yake kwanza."

"Usimpe! Dada, usimpe!"

Kilichojibu ni kelele za wodi. Muuguzi alikuwa amelaza simu mezani, wakamsikia akienda, akibembeleza, kijiko kikigonga chupa.

Msumari aliendelea kupiga kelele kwenye simu. Dirishani, chini, Shemeji alikuwa amefika katikati ya barabara, magari yakimpigia honi kutoka pande zote, akikimbilia lango la hospitali.